Kulungu wa Ndani ya Ua na Kulungu wa Bondeni

Nyeri, Alhamisi, Julai. Saa kumi na moja jioni.

Ukungu haujainuka tangu Jumapili. Nguo nilizofua Jumatatu bado zina unyevunyevu, na mlima sijauona wiki nzima. Ni Julai ya kawaida ya huku kwetu: watu wanavaa makoti mawili na kuulizana kama kumewahi kuwa na baridi nyingine kama hii.

Leo simwamini mtu yeyote.

Kutoamini ndiyo kazi inayonilisha; nimeandika habari za miji hii ya mlimani miaka ishirini na mitatu. Kwa kawaida naiacha kazi hiyo ofisini. Leo imenifuata nyumbani, imeketi mezani pamoja na chai yangu, ndiyo maana naandika hapa kabla hata sijavua viatu.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha, isipokuwa la mzee mmoja aliyetaka la kwake liandikwe. Ukurasa huu utabaki rasimu hadi kesho adhuhuri, mkutano ukishaisha, kisha nitauweka hewani kama ulivyo. Nikiwa nimekosea, kosa lionekane.

Juma lililopita shamba moja la kulungu upande wa Tetu lilitutumia waandishi taarifa ya ukurasa mmoja. Kwa msomaji wa mbali: kulungu ni yule swala wa msituni, wa rangi ya kahawia, mwenye madoa meupe mapajani, anayebweka kama mbwa akishtuka. Wengi wanaishi msituni, na wengine kwenye vichaka vya bonde la mto, hadi mipakani mwa majani chai. Shamba hili linawafuga ndani ya ua wa waya ili wageni wa mahoteli waje kuwatazama.

Taarifa ilisema damu ya kulungu wa eneo hili imepimwa na kukutwa na kingamwili za ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa hiyo ugonjwa uliowashika ng'ombe wetu wiki sita zilizopita umetoka kwa wanyama wa msituni. Kwa hiyo lango ambalo kina mama hupitia kwenda kukata nyasi msituni lifungwe mpaka itakapotangazwa tena.

"Kwa hiyo" mara mbili, na katikati yake hakuna ushahidi.

Kingamwili ni alama ambayo mwili unabaki nayo baada ya kupambana na virusi. Inakuambia virusi vilipita hapa. Haikuambii vilitoka wapi, wala nani alimwambukiza nani. Hilo nalijua. Nimeliandika mara nyingi, kuhusu ng'ombe, kuhusu mbuzi, kuhusu watu.

Hata hivyo taarifa hiyo niliichapisha. Aya nne, jina langu juu yake. Ilikuwa Ijumaa alasiri, ukurasa ulikuwa unafungwa, na daktari wa mifugo hakupokea simu mara ya kwanza. Mara ya pili sikupiga.

Nimeliandika hapa ili nisije nikalisahau.

Kesho saa tatu asubuhi kuna mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi kuamua kuhusu lango hilo. Chifu atakuwapo, watu wa msitu watakuwapo, mwenye shamba atakuwapo. Tata Wangari pia atakuwapo, na huyo ndiye anayenikosesha raha.

Tata ni dada mdogo wa marehemu mama yangu. Ana robo ekari, yote majani chai isipokuwa mahali pa nyumba na zizi, na ana ng'ombe wawili wa maziwa. Hana pa kupanda nepia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe. Kila siku anapita lango lile na panga na kamba, anarudi na mzigo wa nyasi mgongoni, kamba ikiwa imemkaza paji la uso. Ng'ombe wake waliugua, wakatokwa na mate kama povu la sabuni, wakapona. Karantini bado ipo: haruhusiwi kuwauza, haruhusiwi kuwahamishia kwa ndugu mwenye malisho. Lango likifungwa, watakufa njaa zizini huku anawatazama. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta.

Jumatatu nilienda kwake. Alinipa chai kwanza, ndipo akaanza.

"Ati kulungu ndio ameleta? Huyo kulungu alikuja hapa kwangu akabisha hodi?"

"Ndivyo inavyosemekana, Tata."

"Inasemekana na nani? Wewe Nyambura ndio gazeti. Kama ni wewe umesema, maliza chai uende."

Alinimiminia kikombe kingine bila kuniuliza, kisha akaonyesha zizi kwa kidevu.

"Hiyo lango ikifungwa, hizi zitakula nini? Nizipikie githeri?"

Jumanne nikaenda shambani kwa kulungu.

Mwenye shamba alinipokea mlangoni mwenyewe, mtu wa makamo, mwenye gambuti safi kuliko viatu vyangu vya kanisani. Madam huku, madam kule. Mbele ya lango kuna karai la dawa ya kuua viini, mgeni aikanyage kabla ya kuingia. Niliikanyaga. Haikuwa na harufu yoyote. Nimekanyaga dawa hizo katika mashamba mengi, na zinanuka hata ukiwa umezibwa na mafua. Yale yalikuwa maji.

Nikaandika: maji.

Alinitembeza kila mahali. Alijibu kila swali, na mengine ambayo sikuyauliza. "Sisi hatuna ng'ombe hapa, madam. Hata mfanyakazi haruhusiwi kuleta kitu cha ng'ombe ndani ya huu ua." Nilikuwa nimeuliza kulungu wanazaa mwezi gani.

Nilimwomba ripoti nzima ya vipimo. Akasema iko kwa daktari. Alisema hivyo akiwa ameshika karatasi zilizobanwa kwa pini kwenye kona, zaidi ya moja, na akazikunja mara mbili mbele yangu na kuzitia kwenye koti.

Basi nikampata mtu wangu. Sitasema uongo: nilifurahi. Karai la maji, karatasi zilizokunjwa, majibu ya haraka. Nilirudi mjini nikiwa na kichwa cha habari tayari.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, na nilikiandika bila kujua nakiandikia nini. Kwenye hori la kulungu kulikuwa na jiwe la chumvi, lile la kulambwa, na katikati yake shimo pana na laini kama bakuli. Kulungu ana ulimi mwembamba, hulamba pembeni pembeni. Nimelelewa na ng'ombe. Shimo lile lilichimbwa na ng'ombe, tena kwa miezi.

Jumatano nilimpata Daktari Mumbi, daktari wa mifugo aliyechukua damu yenyewe. Ni mwanamke kijana, anaongea haraka, na alikuwa anakula chapati kwa mkono mmoja na kujaza fomu kwa mkono wa pili, katika hoteli ndogo ya mama mmoja wa Majengo, karibu na msikiti.

"Umechelewa wiki moja," aliniambia hata kabla sijaketi.

"Najua."

"Mimi sijaficha kitu. Ripoti yangu iko na kurasa mbili. Wao wakawapa wa kwanza, nanyi mkaandika wa kwanza. Mnapenda vitu vifupi."

Mama mwenye hoteli alicheka nyuma ya sufuria. Nikaomba ukurasa wa pili, naye daktari alikuwa nao kwenye simu.

Ukurasa wa kwanza unasema kingamwili zimepatikana kwa kulungu. Ukurasa wa pili unawatenga. Kuna kulungu wa ndani ya ua wa shamba, na kuna kulungu wa bondeni, walionaswa kwa nyavu nje ya ua, wakatolewa damu na kuachiliwa. Waliokutwa na kingamwili ni wa ndani. Wa bondeni hakuna hata mmoja.

Nilimuuliza kama anaweza kusema msitu mzima hauna virusi.

"Hapana, na usiniandikie hivyo. Niliopima ni wachache. Ninachoweza kusema ni kwamba hao wachache wa nje hawajawahi kukutana nayo, na hao wa ndani wamekutana nayo hivi karibuni. Sasa wewe ndio mwandishi. Uliza iliingiaje."

Kwa hiyo mwenye shamba alijua. Aliushika ukurasa wa pili mkononi na kuniambia hana. Mpaka hapo shuku yangu ilikuwa imenyooka. Kilichobaki ni kujua ugonjwa uliingiaje ndani ya ua, nami nilikuwa na jiwe la chumvi kwenye daftari.

Leo asubuhi nilienda Giakanja, nyumbani kwa Mzee Gachoka. Yeye ndiye mchungaji wa shamba lile. Jumanne nilimwona kwa mbali akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kulungu jike akila majani kutoka kiganjani mwake. Zamu yake huanza saa nne. Nilimkuta akisugua kwato za ng'ombe wake kwa maji ya chumvi. Ana watatu. Kwato zote zilikuwa na alama za ugonjwa uliopona.

Nilijitayarisha kumzungusha. Nina maswali yangu ya kumzungusha mtu, huanzia mbali, kwenye mvua na watoto. Sikuyahitaji.

"Jiwe la chumvi ni langu," akasema. "Hata nilishangaa hukuniuliza ile siku. Niliona vile uliinama."

Akaeleza huku akiendelea kusugua. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia nyumbani, wazee wa huku hawangoji. Ng'ombe mmoja akishikwa, unachukua kitambaa, unampangusa mate, unawapaka midomoni wale wazima. Wote wanaugua pamoja, wote wanapona pamoja, na yanaisha. Ukiacha utambae wenyewe, utakuwa na mgonjwa mwezi huu na mwingine mwezi ujao, na maziwa hutayaona mwaka mzima. Babake alifanya hivyo. Aliyemfundisha babake alifanya hivyo. Nami nakumbuka kitambaa kama hicho kwenye uzio wa kwetu, na mama akitukataza kukigusa.

Daktari yeyote atakuambia ni kosa. Ni kueneza ugonjwa kwa mkono wako, na wakati wa karantini ni kosa mbele ya sheria pia. Lakini si upumbavu. Lina hesabu yake.

Ng'ombe wake walipougua, aliwaza kulungu. Majike kadhaa wana mimba. Aliogopa ugonjwa ungewafikia siku za kuzaa, ndama wakafa. Afadhali sasa. Kuwapaka kulungu mate kwa kitambaa haiwezekani, watakuvunja mbavu. Kwa hivyo akabeba jiwe la chumvi lililolambwa na ng'ombe wagonjwa, akalificha ndani ya koti, akapita nalo langoni, akaliweka horini.

"Walichechemea siku tatu hivi," akasema. "Mmoja akatoa mate kidogo. Wote wakapona. Hakuna hata moja imekufa! Hiyo uandike, msichana wangu. Na jina uandike vizuri, Gachoka, usiniwekee la mtu mwingine."

Nina miaka hamsini na mmoja. Nilikuwa nimeenda kumkamata mwongo, na mbele yangu amesimama mtu anayetaka sifa.

Nilimuuliza kama mwajiri wake anajua.

"Atajulia wapi? Yeye hata hajui ni nani ako na mimba."

Basi nikamweleza. Taarifa, lango, mkutano wa kesho. Hakuwa amesikia hata neno moja. Yeye hutoka nyumbani akaingia uani, akatoka uani akarudi nyumbani. Aliacha kusugua. Maji yakawa yanatiririka kwato hadi kwenye viatu vyake, wala hakusogea.

"Kwa hivyo hao wa bondeni wamesingiziwa."

"Ndiyo, baba."

"Na wale kina mama wa nyasi?"

"Lango litafungwa."

"Wangari pia?"

Anamjua Tata. Kila mtu wa kule anamjua Tata.

Nilimwambia kila kitu kinachoweza kumpata. Kazi inaweza kwenda. Polisi wanaweza kuja. Nilimwambia naweza kuandika ukurasa wa pili bila kuandika habari ya jiwe, na lango likapona. Alifikiri, akatikisa kichwa.

"Wewe tuma hiyo ya daktari. Ya jiwe, ngoja. Mtu hasemi ya mwajiri kwa gazeti kabla hajamwambia mwenyewe. Nitamwambia leo. Kesho nitasema mkutanoni."

Nilimsihi asimwambie kabla ya mkutano. Nilimsihi mara mbili, mimi ambaye huwa simsihi mtu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau kusalimia wakubwa.

Saa nane mchana nikatuma habari. Ukurasa wa pili wote, maneno ya daktari yalivyo, pamoja na onyo lake kwamba waliopimwa ni wachache. Nikaweka pia, mwanzoni kabisa, kwamba habari yetu ya juma lililopita ilikuwa na upungufu na aliyeiandika ni mimi. Mhariri alitaka niiweke mwishoni. Nikakataa.

Kisha akaniuliza lile ambalo angeuliza yeyote: ugonjwa uliingiaje ndani ya ua?

Nikamjibu kwamba najua, na sitaandika leo.

Hapa ndipo ninapojishuku. Mwenye shamba alikuwa na ukurasa akauweka kwenye koti. Mimi pia nina ukurasa, na nimeukalia. Yeye alikuwa anajilinda. Mimi najiambia namlinda mzee. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia namlinda Tata, kwa sababu watu wakijua kwamba mchungaji mmoja alifanya hivi, watauliza ni nani mwingine aliyewapaka ng'ombe wake mate mwezi ule, na mimi nilipokuwa kwake Jumatatu nilijitahidi sana nisiulize kwa nini ng'ombe wake wawili waliugua siku moja.

Sikuuliza. Sitaki kujua kwa nini sikuuliza.

Saa kumi simu ikalia. Ni Mzee Gachoka, anacheka.

"Nimemwambia mdosi."

"Akasema nini?"

"Alikaa kimya kama mtu yuko kanisani. Halafu akanishukuru! Ati nimekuwa mwaminifu. Ati nimefanya kazi miaka mingi bila kupumzika, sasa nipumzike. Amenipa likizo."

"Lini?"

"Kesho. Ati nimtembelee msichana wangu wa kwanza, yule ameolewa Kiriaini. Na gari itakuja kunichukua hapa kwangu, saa mbili. Gari ya shamba! Msichana wangu, mimi hiyo gari nimeiosha, sijawahi kuiketia."

Sikucheka. Nikamuuliza kama atapanda.

"Si nitapanda. Mtu akikupa gari unakataa?" Kisha sauti ikashuka. "Lakini mimi si mtoto, Nyambura. Hiyo gari lazima ipite mbele ya shule. Nitamwambia dereva asimamishe hapo, niteremke nisalimie watu."

"Na asiposimamisha?"

Nilisikia ng'ombe nyuma yake.

"Hiyo sijui. Wewe ndio mwandishi."

Nimekaa na simu hiyo kwa saa nzima. Simwamini mwenye shamba, wala shukrani zake. Dereva simjui. Habari yangu itasomwa kesho mkutanoni, hiyo ni kweli, lakini mwenye shamba ana usiku mzima wa kutafuta maneno: daktari amepima wachache, msitu ni mkubwa, tahadhari ni bora. Atayasema kwa sauti ile ya madam. Na watu waliochoka na ugonjwa hupenda kufunga kitu, kitu chochote, waone kimefungwa. Karatasi peke yake haitatosha kumbakizia Tata lango lake. Atakayeweza ni mtu aliyebeba lile jiwe kwa mikono yake, akisimama aseme: ni mimi.

Nimemtumia Tata ujumbe avae koti zito na afike mapema, akae mbele. Amenijibu kwamba yeye hukaa mbele tangu nilipokuwa nanyonya.

Mimi sitaingia uwanjani kwanza. Saa mbili kasoro nitakuwa nimesimama pale shuleni, upande wa pili wa barabara, na daftari mkononi. Gari likisimama, mzee atasema yake mwenyewe, na nitayaandika kama atakavyoyasema, jina lake likiwa sahihi.

Likipita, nitaandika nambari yake, kisha nitavuka barabara, niingie uwanjani, niinue mkono kama mtu mwingine yeyote wa kule. Sijawahi kufanya hivyo kwenye mkutano ninaouandika.

Sijui nitaanza na neno gani.